Anza na Hewa, Bunduki Baadaye

Leo nazungumza na mafundi wa makabati na samani wa hapa Eldoret, kuanzia Langas na Huruma hadi Munyaka na Kimumu, na pia na nyinyi mnaowapa kazi, kwa sababu pesa zinazotumika ni zenu.

Swali linalorudi kila mara ni hili: ninunue spreya gani ya kupulizia rangi makabati? Fundi huja nalo akiwa tayari na nusu ya jibu. Ameiona bunduki ya rangi inayong'aa dukani, au ameona video ya mtu akipuliza mlango mweupe mara moja tu, ukatoka bila doa, naye anataka ileile. Mimi humjibu kwa swali: kompresa yako ni ya ukubwa gani? Wengi hunitazama kana kwamba nimekwepa. Sijakwepa. Bunduki ya rangi haina nguvu yake yenyewe. Ni mahali tu ambapo hewa na rangi hukutana kwa muda mfupi sana, na hewa ikiwa haba, hata bunduki ya bei ya ng'ombe itatema mate.

Na hewa ya Eldoret, jamani, ni haba kwa asili. Tuko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo sababu wakimbiaji kutoka pembe zote za dunia hupanda kuja kufanya mazoezi Iten na Kaptagat: hewa nyepesi huulazimisha mwili kufanya kazi zaidi, na baada ya muda mwili huzoea. Kompresa haizoei. Mgandamizo wa hewa hapa kwetu umepungua kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Pistoni inavuta silinda ileile, ila kilichomo ndani ni kidogo. Kwa hiyo ile namba iliyobandikwa kwenye tangi ikate moja ya tano kabla hujaanza kuiamini.

Chukueni kompresa ambayo karakana nyingi zinayo: tangi la lita 50, mota ya nguvu za farasi mbili au mbili na nusu. Kibandiko kinasema lita 200 kwa dakika. Mara nyingi hiyo ni hewa inayomezwa na pistoni, si hewa inayotoka kwenye paipu. Inayotoka huwa kama theluthi mbili. Ondoa na sehemu ya mwinuko wetu, unabaki na lita mia moja na kidogo. Sasa leta bunduki inayosifiwa kuliko zote, ile ya hewa nyingi kwa presha ndogo, ambayo madukani huijua kwa herufi HVLP. Nyingi za aina hiyo zinadai lita 300 hadi 400 kwa dakika. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Matokeo yake utayaona kwenye mlango wa wadrobu. Fundi anaanza juu, tangi limejaa, rangi inatoka laini na kulala vizuri. Akifika katikati, mshale wa presha umeshashuka, mota imeanza kunguruma ikijaribu kujaza, na matone yanayotoka mdomoni mwa bunduki yamekuwa makubwa. Mlango ukikauka, nusu ya juu unaweza kujitazama ukajinyolea ndevu, nusu ya chini ina vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Fundi analaumu rangi. Mwenye kabati anamlaumu fundi. Kompresa inahema pembeni, na hakuna anayeiuliza kitu.

Swali hili limekuwa zito zaidi miaka hii, na sababu iko wazi. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Ilitangazwa kuwa ya siku 90, ikaendelea kwa miaka, hadi Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kuiondoa. Katika miaka hiyo mbao za saipresi zilipanda bei, na mafundi wengi wakazidi kuegemea mabodi: plaiwudi, blokibodi na MDF. Kiwanda cha Rai Plywoods kiko hapahapa mjini, kwa hiyo bodi si kitu kigeni kwetu. Lakini mvule au mahogani hata ukiupaka vibaya, mshipa wa mti utakusitiri. MDF haina mshipa. Uzuri wake wote ni rangi uliyoiweka juu, na ukingo wake uliokatwa hunywa rangi kama hujaukata kiu kwa praima. Ongeza nyumba zinazoinuka kila upande tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, kila moja na makabati yake ya jikoni, na kila mama mwenye nyumba ana picha kwenye simu ya jinsi anavyotaka yatoke.

Basi tuziangalie bunduki zenyewe.

Ya kale, inayojulikana na kila mtu, ni ile yenye kikombe chini. Imeandikwa W-71, W-77 au F-75. Majina hayo asili yake ni Japani: W-71 na W-77 ni za kampuni ya Iwata, F-75 ni ya Meiji, ila nyingi zinazouzwa kwetu ni nakala. Mimi siidharau. Inapuliza kwa presha ya pauni 40 hadi 50, inavunja rangi vizuri, na ikiharibika, sindano na mpira wake utavipata kwenye duka la vipuri bila kuagiza Nairobi. Dhambi yake ni ufujaji. Kwa makadirio ya kawaida, bunduki ya namna hiyo huweka kwenye mbao robo hadi theluthi ya rangi unayoipuliza. Nyingine inarudi nyuma kwa nguvu ya upepo. Katika debe la lita 4, lita moja na kidogo ndiyo inayobaki kwenye kabati. Zilizosalia ziko ukutani, sakafuni, kwenye nyusi zako na kwenye suruali ya jirani iliyoanikwa.

Ile HVLP ilibuniwa kwa ajili ya tatizo hilohilo. Hewa inayotoka kwenye kofia yake haipaswi kuzidi pauni 10, na kiwango kinachotarajiwa ni kwamba angalau asilimia 65 ya rangi ifike kwenye kazi. Katika lita zako 4, zaidi ya mbili na nusu zinabaki kwenye mbao. Kwa fundi anayemaliza debe kwa wiki, bunduki hiyo itajilipa yenyewe, lakini kwa sharti moja tu: awe na kompresa ya kuilisha, tangi la lita 100 au zaidi na mota ya nguvu za farasi tatu kwenda juu, na hapa kwetu hiyo "kwenda juu" isomeke kwa sauti.

Kwa wengi wenu walio na lile tangi la lita 50, mimi ningesema mchukue ya katikati, inayoandikwa LVLP, hewa kidogo na presha ndogo. Nyingi zinatosheka na lita 100 hadi 200 kwa dakika. Tafuta yenye kikombe juu, kwa sababu rangi inashuka yenyewe kwa uzito wake, haihitaji kufyonzwa, na hata tone la mwisho linatumika. Nozeli ya milimita 1.3 au 1.4 itakufaa kwa laka na vanishi. Kwa sandingi sila na praima, tafuta nozeli ya 1.7 au 1.8, au bora zaidi, bunduki ya pili ya bei nafuu ya kazi hiyo peke yake. Hata hivyo usitarajie kupuliza kabati zima bila kupumzika. Piga mlango mmoja, subiri tangi lijae, piga wa pili. Polepole hiyo haitamkera mteja kama ganda la chungwa.

Kuna wale wanaoniuliza kuhusu spreya za umeme za kushika mkononi, zenye mota na kikombe pamoja, zisizohitaji kompresa. Kwa uzio, ukuta au praima ya mabodi, sawa. Kwa laka, hapana, na si kwa sababu ya uzuri peke yake. Laka ya nitroselulosi tunayoipenda sana hapa huyeyushwa kwa thina inayoshika moto upesi mno, na vitabu vya spreya hizo kwa kawaida hukataza vimiminika vya aina hiyo. Mota inatoa cheche ndani ya mvuke wa thina. Soma kitabu kabla ya kutupa boksi.

Zile za tabaini, zinazokuja na kisanduku chake cha upepo, ni nzuri na upepo wake ni mkavu, ila nazo zinapoteza moja ya tano kwa mwinuko wetu. Ukinunua, chukua yenye hatua nne au zaidi. Na zile za presha ya juu zisizotumia hewa kabisa, za pauni 2,000 au 3,000, waachieni wanaopaka majengo, au fundi mwenye makabati ya nyumba nzima ya ghorofa. Na nikizitaja, nitamke hili pia: usiweke kidole mbele ya mdomo wake, hata kwa mzaha. Inaweza kupenyeza rangi chini ya ngozi, na kidonda kinachoonekana kama tundu la sindano kinaweza kukukosesha mkono. Hapo ni hospitali mara moja, si plasta.

Sasa nije kwenye jambo linalowaumiza mafundi wa hapa kuliko bunduki yoyote: maji.

Mvua yetu inaanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba. Asubuhi za Julai unatoka nje na koti, na ukungu umetanda hadi saa tatu. Kompresa inaimeza hewa hiyo pamoja na unyevu wake wote. Ikiibana, inapata moto. Ikifika kwenye tangi na paipu inapoa, na unyevu unageuka maji. Usipoyatoa, yatatoka yenyewe kupitia bunduki, tone moja katikati ya mlango uliousugua kwa msasa siku nzima. Chini ya tangi kuna koki. Wapo wenye kompresa ya miaka kadhaa ambao hawajawahi kuifungua. Ifungueni jioni kila siku ya kazi, mtashangaa rangi ya kinachotoka. Kisha mnunue kitega maji, na msikifunge pale pale kwenye tangi kama wengi wanavyofanya. Pale hewa bado ina moto na maji bado ni mvuke, yanapita tu. Kiwekeni mbali, mita kadhaa kutoka kwenye tangi, karibu na mahali unaposhikia bunduki, baada ya hewa kupoa.

Kuna na balaa nyingine ya mvua ambayo haihusiani na kompresa hata kidogo. Umepuliza laka safi saa mbili asubuhi, na baada ya dakika chache meza yote imekuwa nyeupe, kama imeingiwa na maziwa. Thina inapoyeyuka haraka hupoza uso wa mbao, na unyevu wa hewani unashuka na kunaswa ndani ya laka kabla haijakauka. Bunduki ya bei yoyote haitakuokoa hapo. Subiri jua la saa tano au saa sita, kwa sababu mji huu hata Julai mara nyingi unatupa jua la adhuhuri. Au ongeza thina ya kuchelewesha, ile inayokauka polepole, unyevu upate muda wa kutoka. Na ikiwa imeshakuwa nyeupe, usikimbilie msasa. Pitisha vumbi jepesi la thina hiyohiyo ya kuchelewesha, mara nyingi weupe unatoweka. Wateja nao wasikie: ukimlazimisha fundi amalize meza Alhamisi ya mvua kwa sababu wageni wanakuja Jumamosi, huo weupe ni wako.

Nizungumze kidogo kuhusu vifua vyenu. Chombo hiki cha kupulizia rangi kilianzia kwa daktari wa koo. Mwishoni mwa karne ya 19, Dkt. Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, huko Marekani, alitengeneza kifaa cha kupulizia dawa kooni mwa wagonjwa. Mapema katika karne ya 20 mwanawe Thomas akakigeuza, kikawa cha kupulizia rangi na vanishi. Miaka ya 1920 laka ya Duco ya kampuni ya DuPont ikaingia kwenye magari, ikakata siku za kungoja rangi ikauke zikawa saa, na kutoka kwa magari ikaja kwenye samani. Ndiyo maana hadi leo wengi wa mafundi wetu wa kupuliza makabati walijifunza gereji. Chombo kilichotengenezwa kutibu koo sasa kinajaza thina mapafuni, na fundi anakwambia yuko salama kwa sababu jioni atakunywa maziwa.

Mafundi wenzangu, mursik, maziwa yetu ya mgando, ni kinywaji kizuri na hakuna anayekukataza. Lakini mursik inashuka tumboni, na thina imeingia mapafuni, na hazikutani njiani. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi tu, mvuke unapita. Mnataka ile yenye vikopo viwili vya mkaa pembeni, na vikopo vyenyewe vibadilishwe. Ukiisikia harufu ya thina ukiwa umeivaa, muda wa vikopo umekwisha. Na kama unatumia rangi ya kuchanganya na hadina, ile ngumu inayopendwa kwa makabati meupe ya jikoni, ujue hadina nyingi za aina hiyo zina kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazoweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Hata vikopo vya mkaa havitoshi hapo. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa paipu. Kama huna, kataa kazi hiyo, au ipeleke kwa mwenye chumba na vifaa.

Moto je? Jua kali zetu zimebanana. Upande wa kushoto unapuliza laka, upande wa kulia jirani anachomelea geti. Vumbi la laka ya nitroselulosi likikauka sakafuni linawaka kwa cheche moja. Ongeeni. Mwenye geti achomelee asubuhi, wewe pulizia mchana, na sakafu ifagiliwe kila siku, taka zisirundikwe pembeni. Ni mpango wa mdomo tu kati ya majirani, na haugharimu shilingi.

Sasa umefika dukani na pesa zako. Usikubali bunduki ifungwe kwenye boksi kabla hujaijaribu. Mwombe muuzaji aiunganishe kwenye kompresa ya duka, weka maji ndani ya kikombe, na upulize kwenye katoni. Puliza mara moja tu, bila kusogeza mkono. Alama itakayobaki iwe ndefu na sawa juu na chini. Ikijipinda kama ndizi, tundu moja la kofia limeziba au halikutobolewa sawa. Ikigawanyika mafungu mawili na katikati pakakosa maji, punguza hewa. Ikikataa kubadilika, irudishe. Kisha igeuze kofia, alama ilale, ushikilie hadi maji yaanze kutiririka. Michirizi ifanane kutoka kushoto hadi kulia. Vuta kichochezi polepole uone hewa inatangulia kabla ya maji. Uliza sindano na nozeli zake za akiba zinauzwa kwa nani. Muuzaji akisema ataagiza, hiyo bunduki utaitumia hadi siku itakapoharibika, basi.

Na kabla hatujaachana, kuna msikilizaji mmoja wa Kapsoya, mama mwenye makabati ya jikoni ya miaka mingi, anauliza kama anaweza kumwita fundi na spreya nyumbani ayapulize meupe wakiwa bado wanaishi mle ndani.

Mama, milango na droo ndiyo, nyumba hapana. Fundi aing'oe milango aipeleke karakana, aisafishe mafuta ya kupikia kwa sabuni na maji ya moto, kwa sababu rangi yoyote itachubuka juu ya mafuta, kisha aisugue kwa msasa, aipige praima, asugue tena, ndipo apulize rangi. Hizo fremu zinazobaki ukutani apake kwa roli ndogo ya sponji na brashi laini, rangi ya debe lilelile ikiwa inafaa kupakwa kwa mkono. Akiwa na subira, tofauti utaiona kwa shida. Jambo moja tu umwekee sharti. Kila mlango uandikwe namba kwa penseli ndani ya tundu la bawaba, na skrubu zake ziingie kwenye mfuko wenye namba hiyohiyo, maana milango ya jikoni inafanana yote hadi siku ya kuirudisha.